Nilivyoibeba Idhini ya Mwanakheri Mpaka Nanyuki

Tangu nirudi, kila nikishuka bandarini kuna anayenivuta mkono. Wengine mnauliza kama ni kweli nilichinjiwa mbuzi na Wakikuyu. Wengine mnauliza kama ni kweli mbwa wa askari aliutia pua mkoba wangu. Na wachache, wenye haya zaidi, mnazunguka na maneno mpaka mfike pale mnapopataka: je, nilimwozesha au sikumwozesha? Nimechoka kujibu vipande vipande. Naandika mara moja, msome nyote, kisha mniache nifanye kazi yangu.

Kizingitini hadi Mtangawanda

Mwajua kwamba wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikabaki na wadogo zangu. Mwanakheri ndiye wa mwisho, yule anayefundisha watoto wadogo Faza. Alipokuwa chuoni Mombasa alifahamiana na Salim nyumbani kwa dada yake Salim, na posa ikaletwa kwangu kwa adabu zote, na mjomba wake na wazee wengine. Nikauliza kazi yake. Mjomba akasema, "Fundi wa ndege." Nikaridhika.

Kisha vijana wa hapa, wenye simu zao, wakachimba. Salim ni fundi wa ndege, kweli, lakini ndege yenyewe ni tangi la mafuta linaloruka. Ni mali ya kampuni ya watu binafsi. Majeshi ya nchi za nje huikodi, ikapanda juu na kuzitilia mafuta ndege zao za kivita hukohuko angani, zisilazimike kutua. Habari hiyo ilipoingia msikitini ilitoka imenona. Nilisikia nikipita: "Athman amtoa dada yake kwa mtu wa mabomu."

Ningeyapuuza, lakini mama yetu mdogo, mdogo wa mama, aliolewa kaskazini ya mpaka, upande wa Somalia, na bado yuko huko na watoto na wajukuu. Zile ndege tunazozisikia zikipita juu yetu kuelekea kaskazini, sisi tuna mtu mwisho wa safari yao. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Ningemwita Salim aje nimwulize. Hakuweza kuja. Alikuwa Nanyuki na kampuni yake kwa mazoezi ya majeshi, ruhusa alinyimwa, na mwisho wa wiki ile walikuwa wanahamia nchi nyingine kwa kazi ndefu. Mwanakheri akaliona hilo kabla yangu. Akaja mbele ya mke wangu na shangazi, akakaa chini, akasema kwa sauti ya darasani:

"Kaka, nakuidhinisha uniozeshe Salim. Nenda ukamwone kwa macho yako. Ukiridhika, niozeshe hukohuko. Usiporidhika, nirudishie idhini yangu, na mimi sitasema neno."

Kwetu bibi arusi hahitaji kuwepo akdi ya ndoa ikisomwa. Walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa, na mume wakishikana mikono mbele ya mashahidi, ndoa imepita, hata yeye akiwa nyumbani anasuka nywele. Kwa hiyo niliondoka Kizingitini nimebeba mkoba mmoja, mikate ya mofa, ng'onda wa papa wa zawadi, na idhini ya mtu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito. Pikipiki ilipopata pancha kabla ya kufika gatini Mtangawanda sikuweza kusubiri iungwe. Niliutia mkoba begani nikaenda kwa miguu, na mwenye pikipiki akanipita baadaye akipiga honi na kucheka.

Mkanda

Nahodha alisema maji yatatosha kupita Mkanda. Hayakutosha. Katikati ya mikoko, pale njia inapobana baina ya Manda na bara, boti iligusa tope ikatulia kama imefika nyumbani. Abiria wakatoa vyakula vyao. Mimi nilisimama, nikakaa, nikasimama tena.

"Keti, mwanangu," akaniambia Bi Zena, mama wa Siyu aliyekuwa akienda kutazamwa macho hospitali. "Mayi yatakuya saa yake. Hata ukisimama hayakuoni."

Ndege ikapita juu, kubwa, ya kijivu. Tukainua vichwa sote. Mwalimu Wafula, mtu wa bara anayefundisha sekondari upande wetu, akasema, "Hiyo inaweza kukaa juu mchana kutwa. Mafuta inatiliwa hukohuko."

"Yatiliwa na nani?" akauliza Bi Zena. "Kuna duka yuu?"

"Kuna ndege nyingine, bibi. Inatoa mpira mrefu nyuma, hii inakuja kuunyonya."

"Kama mwana wa mbuzi?"

"Hivyo hivyo, bibi."

Bi Zena akafikiri. "Na hiyo inyonyeshao, yenyewe yanyonya wapi?"

Boti nzima ikacheka. Mwalimu akajikaza akasema hiyo hutua chini ikajaza, na kwamba siku hizi si lazima iwe ya jeshi, kuna watu binafsi wanaozikodisha.

"Ah!" nahodha akapiga ubao wa boti. "Kama Athman na madumu yake!"

Maana mwajua kazi yangu. Nawapelekea petroli na barafu wavuvi wa kamba mawe walio nje ya mwamba, ili wasirudi nyumbani kabla ya kushiba bahari. Kila mtu akanigeukia, wakaniita jeshi la anga la Kizingitini. Bi Zena akacheka mpaka akajifuta macho yake mabovu kwa ncha ya leso. Mimi nilijitia kucheka. Hakuna aliyejua ninakwenda wapi.

Maji yakaja saa yake.

Mkomani

Tulipofika Lamu, boti ya mwisho ya Mokowe ilikuwa imeondoka. Nikapanda Mkomani kwa binamu yangu Bi Aisha, ambaye nyumba yake ina ngazi za kumchosha mgeni kabla hajaambiwa karibu. Alinipa wali na samaki wa kupaka, akaningoja nishibe, ndipo akanivamia.

"Yaani wewe ndiwe walii, na wewe ndiwe ufungao safari? Tangu lini?"

"Yeye hana ruhusa, Bi Aisha."

"Asiye na ruhusa ya kuoa asioe! Wao ndio wakuye kwako. Ukenda wewe, watasema wamtembeza dada yako ndiani kama samaki, anayemtaka amfinye tumbo aone kama ni mpya."

"Siendi kumwonyesha Mwanakheri. Naenda kumtazama yeye."

"Na ukimtazama utaona nini? Mwanamume usoni haandikwi kazi yake."

Nikasema nitamwapisha. Nitamwekea Msahafu mbele, aape kwamba hakuna ndege aliyoitilia mafuta ikaenda upande wa mama mdogo. Bi Aisha akaniongezea samaki bila kuniuliza, na asubuhi akanipakia halua ndani ya mkoba, juu ya ng'onda, jambo ambalo halua ile haikulisahau.

Mokowe hadi Mombasa

Basi lilijaa, likaondoka, likasimama kwenye kizuizi, likaondoka, likasimama kwenye kizuizi kingine. Mnaoipita barabara ile mnajua. Kila mara tunashuka, tunapanga mstari, tunaonyesha vitambulisho. Kwenye kimojawapo, mbele ya Witu, askari mmoja wa kike alikitazama changu kwa muda.

"Kizingitini. Unaenda wapi?"

"Nanyuki."

"Kuna nani huko?"

"Naenda kumwozesha dada yangu."

"Pongezi. Dada yako ni yupi?" Akautazama mstari wa wanawake.

"Yuko nyumbani."

"Nyumbani Nanyuki?"

"Nyumbani Kizingitini."

Akanitazama usoni, kisha akakitazama tena kitambulisho, kana kwamba maelezo yangekuwa kule. "Unaenda harusi Nanyuki, na bibi harusi umemwacha kwenu."

"Ndiyo, afande."

"Sasa ataolewa aje?"

"Kwa mdomo wangu, afande."

Akaita mwenzake. "Karani, kuja usikie huyu." Yule Karani, bahati yangu, alikuwa Muislamu wa Isiolo. Alisikiliza, akamwambia, "Madam, kwao iko hivyo. Huyu ndiye baba." Yule afande akanirudishia kitambulisho, akasema kwa upole ambao sikuutarajia, "Kama ungekuwa baba yangu ningekuambia unibebe na mimi nikaone."

Nilipopanda basi neno hilo lilipanda nami. Njia yote ya Garsen, abiria wakila maembe na kutupa kokwa dirishani, nilijiuliza kwa nini sikumchukua Mwanakheri. Jibu nililijua. Akiwepo, nitamtazama yeye na si huyo Salim, na nikimwona ana furaha nitasema ndiyo bila kuuliza kitu.

Mombasa hadi Nairobi

Stesheni ya treni, kabla hujaingia, mizigo hupangwa chini mstari mmoja na wenyewe husimama kando, kisha huletwa mbwa akanuse. Mbwa alipita mikoba ya watu kama mtu anayepita maduka yasiyo na bidhaa. Alipofika kwangu akasimama. Akakaa kitako.

Wenye mizigo ya jirani wakasogea mbali nami.

"Kuna nini ndani?" akauliza mwenye mbwa.

"Ng'onda."

"Ng'onda ni nini?"

Mwanamke wa Kidigo nyuma yangu akasema kwa sauti kubwa, "Ni papa mkavu, wewe! Huyo mbwa wenu ana njaa, mnamlisha nini?"

Nikafungua. Harufu ikatoka mbele, nikafuata mimi na maelezo. Askari akarudi hatua, mbwa akaenda mbele hatua. Waliondoa kila kitu, wakakipekua, wakaniruhusu, na mbwa ilibidi avutwe. Ndani ya treni niliutoa ule mfuko wa nje uliolambwa na mbwa, nikaenda kuuosha chooni, mara saba kama dini inavyotaka, na foleni ikanisubiri ikinung'unika. Mtu aliyekaa mbele yangu aliniambia, "Mzee, ulikuwa unafua humo?" Nikasema ndiyo. Akahama kiti.

Nje ya dirisha nchi ilikuwa kavu, pana, haina maji hata ya kunawa uso. Miguu yangu haikutaka kutulia. Nilitembea behewa kwa behewa mpaka mhudumu akaniuliza kama nimepotelewa na mtoto.

Nanyuki: mbuzi

Nilishuka Nanyuki nikitetemeka. Baridi ile haikai juu ya ngozi, inaingia kwenye meno. Salim alinipokea stendi. Ni mtu mrefu, mnyamavu, mikono imekwanguka. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauchukua mkoba, na harufu yake hakuisema. Pamoja naye alikuwa mwenzake wa kazini, Njoroge, dereva wa lori la mafuta uwanjani, mtu wa tumbo na kicheko.

"Shemeji!" akapiga kelele stendi nzima isikie. "Karibu! Sisi tumejipanga, usiwe na wasiwasi."

Sikuelewa wamejipanga kwa nini. Nilielewa tulipofika nyumbani kwa Njoroge. Uani kulikuwa na viti vimepangwa pande mbili zikitazamana. Upande mmoja walikaa wazee waliovaa makoti na kofia, majirani wa Njoroge. Upande wa pili kulikuwa na kiti kimoja, changu. Na nyuma ya nyumba, mbuzi.

Njoroge alikuwa amesikia kwamba ndugu wa bibi arusi anakuja. Na kwao ndugu wa bibi arusi akifunga safari anakuja kupatana mahari. Salim hana wazee mji ule, basi yeye amemkusanyia, asidhalilike.

Mzee mmoja akasimama, akasafisha koo. "Tunajua umetoka mbali, na msichana mmesomesha. Hatutaki kukosana. Sema idadi, na sisi tutasema yetu."

"Idadi ya nini, mzee?"

"Mbuzi."

Nikamtazama Salim. Alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika kwa kicheko alichokibana. Nikaeleza kwamba kwetu mahari ni ya bibi arusi mwenyewe, ndiye anayeyataja, na kwamba mimi sichukui hata ukwato. Wazee wakanong'onezana. Yule mzee akakaa, akasimama tena.

"Yaani unatoa dada yako bure?"

"Sijasema ninamtoa."

Njoroge akapunguza kicheko. Yule mzee akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akasema, "Hapo sasa naona tunaongea na mtu." Wakaridhika kabisa, maana waliona ndiyo mwanzo wa kupatana.

Mbuzi tulimla. Alichinjwa na Aden, Muislamu mwenye bucha karibu na msikiti. Njoroge alikwenda kumwita kabla sijauliza, na kisu alimwambia aje nacho. Nilikula mbavu, na viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi na majani ya maboga, chakula kinachokaa tumboni kama mzigo uliofungwa vizuri. Ng'onda wangu walimnusa, wakanishukuru sana, wakamweka nje.

Nanyuki: swali

Asubuhi yake, siku ya mwisho kabla hawajahama, Salim alinichukua mpaka barabara inayopita kando ya uzio wa uwanja. Akanionyesha ndege yao. Nilikuwa nimejitayarisha kuchukia kitu. Ilikuwa nyeupe, haina bunduki, haina bendera, ina namba tu mkiani. Imechoka kidogo, kama lori la maji la kukodi.

"Jeshi lina za kwake," Salim akasema. "Hazitoshi, zina kazi nyingi. Ndiyo wanatukodi. Leo hawa, kesho wale."

Akatoa simu akanionyesha picha zinazotembea, alizozipiga mwenyewe mazoezini, maana yeye huruka nayo. Mpira mrefu unatoka nyuma ya ndege, mwisho wake kuna kikapu cha chuma kinachocheza kwa upepo. Ndege ndogo ya vita inatokea chini, inasogea polepole mpaka pua yake inaingia kikapuni.

"Sisi hatumfuati mtu," akasema. "Rubani wetu anashika mwendo mmoja, hainuki, hageuki. Anayetaka ndiye anakuja."

Nilijua. Ndivyo ninavyofanya nje ya mwamba kukiwa na mawimbi. Nauelekeza mdomo wa boti kwenye wimbi, nashika, na mwenye shida ya petroli ndiye anayekuja ubavuni. Mkono unasahau kila kitu isipokuwa kushika.

"Akishajaza?" nikauliza.

"Anaondoka, kulia au kushoto."

"Na wewe?"

"Namngoja anayefuata."

"Wanakwenda wapi, Salim?"

"Mengi ni mazoezi."

"Mengi."

"Mengi, Kaka."

"Na yaliyobaki?"

Akaizima simu. "Hatuambiwi."

Baada ya sala ya adhuhuri nilimweka chumbani kwake, nikamweleza habari ya mama mdogo. Jina lake, kisiwa chake, wajukuu. Nikamwambia akatie udhu. Akaenda akatia. Nikauweka Msahafu mbele yake, nikamwambia aape kwamba hakuna hata ndege moja aliyoitilia mafuta ikaenda kaskazini ya kwetu. Aape tu, na jioni hiyohiyo nitampa mke.

Alikaa. Aliunyoosha mkono, ukafika juu ya Msahafu, ukasimama hewani. Akaurudisha mapajani.

"Siwezi, Kaka. Sijui."

"Basi apa kwamba hukukusudia mabaya."

"Hilo naweza. Lakini si hilo ulilouliza."

Nilikasirika. Nilikuwa nimevuka maji na nchi kavu ili nidanganywe vizuri, na mtu huyu hataki kunisaidia. Nikatoka nje, nikazunguka soko, nikazunguka tena, wauza viazi wakaanza kunisalimu kama jirani. Nikampigia Mwanakheri. Nikamwambia yote: hajui, na amekataa kuapa.

Kulikuwa na kelele za watoto nyuma yake, kisha hazikuwepo. Alikuwa ametoka nje.

"Wasemaje?" nikamwuliza. "Wewe ndiwe utakayekaa naye."

"Kaka, idhini nilikupa mkononi, mbele ya watu. Usinirudishie kwa simu."

Akakata.

Nilisimama pale sokoni na simu sikioni. Wadogo zangu wote nimewaamulia mambo: shule, dawa, nani alale wapi. Sijawahi kuogopa kuamua. Nikaenda kwa Salim, nikamwambia avae kanzu, twende msikitini, alasiri inaingia.

Imamu alikuwa Mborana mzee kidogo, Sheikh Guyo. Mashahidi walikuwa Aden wa bucha na mtu mwingine aliyekuja kusali. Njoroge alikaa mlangoni, viatu amevua ingawa hakuingia, kofia magotini. Nikamwambia imamu nina sharti. Akasema, "Lisiingie ndani ya akdi likaichafua. Mwambie kabla, aahidi mbele yetu."

Nikamgeukia Salim. "Sitaki uape usilolijua. Lakini siku utakapojua, umwambie Mwanakheri. Usimfiche."

"Kaka, nimetia saini kwamba sitasema habari za kazi."

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote."

"Mke si yeyote."

Akanyamaza. Akanyamaza mpaka Sheikh Guyo akadhani hakusikia, akataka kurudia, Aden akamgusa goti. Mimi nilishika kimya changu. Sikumsogelea hata kwa neno moja. Kama angesema ndiyo haraka, wallahi, ningeuchukua mkoba wangu. Nilimwona akiipima kazi yake, na mama yake Mombasa anayemtegemea, na Mwanakheri, na pengine mambo ambayo mimi siyajui.

"Nitamwambia," akasema mwisho. "Yeye."

Nikampa mkono. Nikatamka kwamba nimemwozesha dada yangu Mwanakheri kwa mahari aliyoyataja mwenyewe. Akapokea kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni. Sheikh akaomba dua. Njoroge akauliza, "Imeisha? Hivyo tu?" Akamkumbatia Salim, akanikumbatia mimi, akasema wazee wake watamwuliza ni mbuzi wangapi na hatakuwa na jibu.

Kurudi

Safari ya kurudi sina la kusimulia, nililala. Nililala kwenye treni, kwenye basi, hata boti ilipogusa Mkanda na kungoja.

Mwanakheri alikuwa gatini Mtangawanda. Habari ya akdi sikuwa nimempa kwa simu, kwa kuwa alinikataza. Aliniangalia nikishuka, hakusalimu.

"Umeirudisha?"

"Nimeitumia."

Akaufunika uso kwa buibui, akabaki vivyo hivyo, na watu wanapita na magunia yao wakisema tupishe, mwalimu, tupishe. Nikamweleza ahadi ya Salim neno kwa neno, hapohapo gatini. Aliniomba niirudie. Nikairudia.

Sasa mmejua. Nilimwozesha. Mengine mnayonong'ona, kwamba sijui nimefanya nini, ni kweli, sijui. Tangu siku ile nikisikia ndege naacha ninachofanya, na wavuvi wangu wananilalamikia kwamba namwaga petroli.

Na juzi hivi, baada ya alasiri, Mwanakheri na mke wangu walikuwa kwenye kizingiti cha mlango wakimenya muhogo wa futari. Simu yake ikalia. Akaitazama, akainuka, akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango. Alikaa huko. Hatukusikia sauti yake kabisa, ni mwenziwe aliyekuwa akisema. Alipotoka alikuwa amenawa uso. Akakaa mahali pake, akachukua kisu, akaanza kumenya muhogo aliokwisha kuumenya.

"Ni Salim?" nikauliza.

"Ni Salim."

"Amesema nini?"

Mke wangu akanitazama kwa jicho la kunizuia. Nikasogea mpaka nikasimama juu yake.

"Mwanakheri. Ni habari ya mama mdogo?"

Akaniinulia uso. Hakuwa na hasira.

"Kaka," akasema, "ulimtaka aniambie mimi. Hukusema akwambie wewe."

Kisha akaniomba nisogee kidogo, nimemzibia mwanga.